Safari Ambayo Runinga Haiionyeshi

Giza likishaingia, sebule nyingi za Ng'ambo, mjini Tabora, hugeuka wodi. Kwenye kioo cha runinga machela inapita mbio koridoni, wauguzi wanapishana, mstari wa kijani kwenye mashine unanyooka na mlio mmoja mrefu unajaa nyumba. Watoto walioko mkekani wanaacha kutafuna karanga. Daktari anakandamiza kifua mara tatu, mara nne. Mgonjwa anakohoa, anafumbua macho, anauliza yuko wapi. Bibi aliyeketi karibu na mlango anamshukuru Mungu kwa sauti, kama vile aliyepona ni mjukuu wake.

Tamthilia za hospitali zinastahili kupendwa. Ziwe za Marekani, za Uturuki zilizotiwa sauti za Kiswahili, au filamu za Bongo zenye daktari mmoja na chupa moja ya dripu, zote humfanya mtazamaji ayajali maisha ya mtu asiyemjua. Shida ni kwamba mtu hujifunza kwazo bila kujua kuwa anajifunza. Siku jirani akianguka, mikono hufanya kile macho yalichozoea kuona.

Na macho yamezoeshwa jambo lenye pengo kubwa. Mgonjwa wa runinga huanzia mlangoni mwa hospitali. Mgonjwa wa kweli huanzia shambani Urambo, msituni Sikonge, juu ya bodaboda akitokea Uyui, au chumbani hapo hapo Ng'ambo. Kabla hajafikishwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, mengi yameshaamuliwa: nani alikuwa naye, alimfanyia nini, alimnywesha nini, saa ngapi zilipotea, na ndugu watamweleza nini daktari. Kipande hicho cha njia ndicho tamthilia hukikata, na ndicho ambacho mtu wa kawaida ana uwezo nacho.

Mbawakawa sikioni

Tabora inajua habari za maradhi ya njiani tangu enzi za misafara. Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, kituo cha wafanyabiashara Waarabu palipo Tabora ya leo, wakitokea pwani. Machi 1858 Speke alikuwa amefika Ziwa Tanganyika. Usiku mmoja dhoruba iliangusha hema lake. Akawasha mshumaa ili apange vitu upya, na mwanga ukawaita mbawakawa wadogo weusi. Mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba kuelekea ndani.

Speke hakuwa na mafuta. Alijaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Ndipo akachukua kisu kidogo akachokoa. Mdudu alikufa, lakini ncha ya kisu ililiumiza sikio. Usaha ulifuata, uso ukavimba, na kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa supu. Alipopenga kamasi, hewa ilipita sikioni ikipiga mluzi. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka kwa miezi sita au saba, na kwa hesabu hiyo siku alipoliona ziwa la Nyanza, Agosti 1858, alikuwa bado anavyo.

Kisa hicho hurudiwa hadi leo kwa njiti ya kiberiti, pini na kalamu. Mdudu akiingia sikioni, mgonjwa alazwe ubavu, sikio lenye mdudu likiwa juu, kisha yamiminwe matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu tu ili mdudu afe. Asichokolewe kwa kitu chochote. Mafuta hayafai kwa sikio linalotoa usaha au damu, wala maji hayafai kwa harage au mbegu iliyokwama humo, maana huvimba. Mengine yote ni kazi ya zahanati.

Moyo uliosimama

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari waliokaa kutazama tamthilia za ER na Chicago Hope na kipindi cha Rescue 911. Walihesabu watu 60 waliokandamizwa kifua baada ya moyo kusimama. Robo tatu walizinduka pale pale, na theluthi mbili walionekana kupona hadi kutoka hospitali. Katika maisha ya kweli haiko hivyo. Marekani, yenye magari ya wagonjwa kila mtaa, anayesimama moyo nje ya hospitali na akarudi nyumbani mzima ni kama mmoja kati ya kumi.

Idadi hiyo isimkatishe mtu tamaa ya kujaribu, kwa sababu bila kukandamizwa kifua hata huyo mmoja hapatikani. Inachofanya ni kuwapunguzia ndugu lawama. Familia nyingi huondoka hospitalini zikiamini mzee wao alifanyiwa uzembe kwa kuwa hakuzinduka kama wa kwenye runinga.

Namna ya kukandamiza nayo huonyeshwa vibaya. Mwigizaji hawezi kumbonyeza mwenzake kwa nguvu halisi, kwa hiyo hukunja viwiko na kugusa tu. Kwa mtu mzima aliyeanguka, haitikii na hapumui kawaida, mikono inyooke, viganja vikae katikati ya kifua, kifua kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya kubonyeza kiachwe kirudi juu. Mwokoaji abadilishane na mwenzake kila baada ya dakika mbili, maana kazi hiyo inachosha. Mtoto aliyezama majini anahitaji pia kupuliziwa pumzi. Huku hayo yakifanyika, mwingine atafute gari.

Na ule mstari ulionyooka ambao daktari wa runinga huupiga shoti ya umeme? Mashine ya kushtua moyo hutumika pale moyo unapotetemeka ovyo. Moyo ulionyamaza kabisa hautibiwi kwa shoti. Mgonjwa hukandamizwa kifua na kupewa dawa ya adrenalini.

Kijiko mdomoni

Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walitangaza matokeo ya kutazama vipindi 327 vya Grey's Anatomy, House, Private Practice na ER. Walikuta watu 59 walioanguka kifafa, na karibu nusu ya huduma walizopewa zilikuwa za makosa: kushikwa kwa nguvu, kuzuiwa wasitikisike, kutiwa kitu mdomoni. Waliofanya makosa hayo walivaa makoti ya daktari na sare za muuguzi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwani mtazamaji hana sababu ya kuwashuku.

Utaratibu unaofaa ni mwepisi. Vitu vigumu na vya moto viondolewe karibu. Chini ya kichwa iwekwe nguo laini. Shingo ilegezwe vifungo. Mtu mmoja atazame saa. Kutikisika kukipungua, mgonjwa ageuzwe ubavu ili mate yatoke nje. Kijiko, kidole wala kipande cha mti kisiingie mdomoni, kwani huvunja meno na kuziba pumzi. Hali ikizidi dakika tano, au ikijirudia kabla fahamu hazijarudi, hiyo ni safari ya hospitali bila kusubiri.

Povu la kifafa haliambukizi. Watu wengi wameungulia kwenye mafiga na majiko ya mkaa kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Nchini Tanzania elimu hii si ngeni: mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, na watu waliokuwa wamefichwa na jamaa zao wakaanza kunywa dawa na kurudi kwenye kazi.

Mtoto mwenye homa anayetikisika ni suala jingine. Katika miaka ya 1990 watafiti walikuta Bagamoyo, mwisho wa ile ile njia ya misafara, kwamba degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mganga wa jadi, na kwamba wazazi waliogopa sindano wakiamini ingemuua mtoto. Imani hiyo bado husikika sehemu nyingi. Degedege lenye homa katika mkoa kama Tabora linaweza kuwa malaria kali iliyofika kichwani, na sindano ya atesuneti inayoogopwa ndiyo inayomwokoa.

Presha isiyo na sauti

Kila mtazamaji wa filamu za Bongo anaijua picha hii: baba anapokea simu, anasikia kampuni imefilisika, anashika kifua, anaanguka, na mtu anapiga kelele kwamba presha imempanda. Watu wamejifunza hapo kuwa presha ni kitu kinachokuja na habari mbaya, na kwamba asiye na mawazo hana presha.

Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Mtu anaweza kuwa nalo miaka kumi akiwa analima, anacheka na kucheza bao. Hujulikana kwa kupimwa tu, na kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, ni ugonjwa. Dawa zake haziachwi kwa kuwa mtu anajisikia vizuri, kwani mtu hujisikia vizuri hata presha ikiwa juu.

Dalili zinazohitaji mbio ni za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kuvurugika ghafla. Katika mitaa mingi huitwa kurogwa au kupigwa na jini, na siku tatu hupotea kwa makombe. Ndugu wakumbuke saa hali ilipoanza, kwani ni miongoni mwa maswali ya kwanza ya daktari.

Homa na hadithi yake

Daktari House wa runinga humtazama mgonjwa, hunyamaza, kisha hutaja ugonjwa ambao hakuna aliyeufikiria. Mwaka 2012, mjini Marburg nchini Ujerumani, jambo la namna hiyo lilitokea kweli. Mwanamume wa miaka 55 alikuja moyo ukiwa umedhoofu sana, kusikia na kuona kukiwa kumepungua, akiwa na homa isiyoeleweka. Daktari Jürgen Schäfer, aliyekuwa akitumia tamthilia ya House kufundishia wanafunzi, alikumbuka kisa kinachofanana. Mgonjwa alikuwa amewekewa nyonga bandia ya chuma, nayo ilikuwa ikisagika na kumwaga kobalti kwenye damu. Nyonga ikabadilishwa. Jarida la The Lancet lilichapisha habari hiyo mwaka 2014.

Kilichofungua fumbo ni historia ya mgonjwa, yaani ile nyonga. Kwa mtu wa Tabora, historia hiyo ni kusema alikotoka na alikolala.

Malaria ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na kwa haki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 23 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Tabora, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8. Kila homa ipimwe kabla ya kunywa dawa ya mseto, na dozi imalizwe.

Lakini kipimo kikisema hakuna malaria na homa ikaendelea, mgonjwa asinyamaze. Mrina asali, mkata mbao au mwindaji aliyekaa kwenye misitu ya miombo huenda aliumwa na mbung'o. Malale ya upande huu wa Afrika huenda kwa wiki au miezi: kidonda alipoumwa, homa, kichwa, tezi, kisha ubongo, mtu akalala mchana na kukesha usiku. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Tabora, na malale ni sehemu ya kazi yake.

Aliyelala kwenye nyumba ya zamani ya udongo huenda ana homa ya papasi. Papasi hujificha kwenye nyufa, huuma usiku bila mtu kusikia, na kabla ya alfajiri ameshaondoka. Homa huja kwa siku kadhaa, huondoka, kisha hurudi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi hao katika vituo vya njia za misafara za Afrika Mashariki. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha ugonjwa huo. Damu hutazamwa kwa darubini, na anayetazama hufaidika akiambiwa anatafuta nini.

Neno moja kuhusu dripu. Filamu zimeifanya kuwa alama ya mgonjwa anayetibiwa, na ndugu wengi huidai ili mtu "apate nguvu". Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kushindwa kuzunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka walifariki zaidi: kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Dripu ni dawa yenye kipimo na hatari zake. Mwenye kuhara anayeweza kunywa apewe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti ya ORS, na anayekataa kumtundikia mtoto dripu huenda ndiye daktari makini.

Mama na mtoto, ajali na subira

Uzazi wa kwenye runinga huchukua dakika mbili, na mtoto hutoka akiwa na sura ya miezi mitatu. Mara nyingi daktari hutoka nje kumuuliza mume amwokoe mama au mtoto. Swali la kumsumbua mume lingekuja mapema zaidi: gari litatoka wapi? Kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso kuvimba, degedege au homa ni dalili za kuondoka saa hiyo hiyo. Kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, mfumo wa m-mama hupokea simu ya bure kwa namba 115. Mpokea simu hupanga gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo iwe kwenye simu ya mume, mama mkwe na jirani tangu miezi ya mwanzo ya mimba.

Ajali za bodaboda zina somo lake. Watafiti walilinganisha majeruhi 290 wa Grey's Anatomy na wa kweli zaidi ya 4,800, wakachapisha mwaka 2018. Kwenye tamthilia majeruhi 71 kati ya 100 walipelekwa moja kwa moja kufanyiwa upasuaji, na kwa uhalisia ni 25. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa akipimwa presha na kuangaliwa macho kila saa hajatelekezwa. Uangalizi ndio matibabu yenyewe. Kosa kubwa huwa limefanyika barabarani, pale wanne walipomnyanyua kwa mikono na miguu kumtupia kwenye bajaji. Shingo na mgongo vishikwe vikiwa vimenyooka, abebwe juu ya ubao au mlango, na damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia.

Kinachofaa kuchukuliwa

Itakuwa dhuluma kuzihukumu tamthilia kwa makosa tu. Mwaka 2008 Grey's Anatomy ilionyesha mjamzito mwenye VVU akielezwa kwamba akitibiwa ana nafasi ya asilimia 98 ya kuzaa mtoto asiye na virusi. Kabla ya kipindi, watazamaji waliojua hilo walikuwa asilimia 15. Wiki moja baadaye walikuwa 61, na baada ya wiki sita 45. Dakika chache za mchezo zilifundisha watu wengi, na wiki chache zikatosha baadhi yao kusahau.

Tanzania ilikuwa na darasa lake mapema zaidi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliowafanya wasikilizaji wamjue Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu. Dodoma ilirushiwa vipindi vingine kwa miaka miwili ili watafiti walinganishe. Mchezo uliposikika, watu wengi zaidi walitafuta uzazi wa mpango na kupunguza idadi ya wapenzi. Mkwaju hakuugua na kupona ndani ya kipindi kimoja. Wasikilizaji walimfuata miezi na miezi, wakaona kila safari yake inavyomgharimu, na wakazungumza juu yake vijiweni na majumbani.

Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kila usiku Ng'ambo. Daktari wa runinga akikandamiza kifua, mwenye nyumba awaonyeshe watoto juu ya mto mikono inavyokaa. Mgonjwa akianguka kifafa, mmoja aulizwe kosa liko wapi. Na penye shaka, Wizara ya Afya ina kituo cha simu cha bure, namba 199.

Karibu na runinga, panapoonekana na wote, ibandikwe karatasi moja. Iandikwe 115 na 199. Chini yake namba za madereva wawili wa mtaani, mmoja wa usiku. Kisha majina ya wanaoishi humo, na kwa kila mmoja: umri, dawa anazotumia kila siku, dawa inayomdhuru, presha yake ya mwisho na tarehe, bima na zinapokaa kadi za kliniki. Mwishoni iachwe mistari mitatu ya kujazwa siku ya tatizo: limeanza saa ngapi, alikuwa wapi wiki zilizopita, na amepewa nini hadi sasa. Anayempeleka mgonjwa Kitete aibandue na kwenda nayo.